Mshirika Usiyemwamini: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Usaliti na Mapenzi Angani

Safari hii barua nyingi zimeelekea upande mmoja: tamthilia za anga za juu, na hasa wale wahusika wanaokaa meza moja na steringi huku kila mtazamaji akijiuliza watamgeuka lini. Tahadhari kwanza. Majibu yanataja mwisho wa mambo, kwa hiyo aliye katikati ya Babylon 5, Battlestar Galactica, Star Trek: Deep Space Nine au Blake's 7 aruke jibu linalomhusu mpaka amalize.

Swali: Habari zenu wahariri. Naangalia Deep Space Nine, nimemaliza msimu wa 3, na Garak ananichanganya. Leo anaokoa watu, kesho anawatesa. Huyu fundi cherehani ni rafiki wa Sisko, mkuu wa kituo, au adui?

Jibu: Ukimuuliza Garak yuko upande wa nani, atakupa majibu manne na yote yatakuwa ya uongo. Uliza badala yake analinda nini. Analinda Cardassia, kwao alikozaliwa, hata baada ya Cardassia kumfukuza na kumwacha akishona nguo kwenye kituo cha watu wasiompenda. Ukilishika hilo, vituko vyake vyote vinakaa kwenye mstari.

Utaliona waziwazi katika episodi ya mwisho ya msimu wa 4. Chombo cha Defiant kinampeleka Odo, mkuu wa usalama wa kituo, kwenye sayari ya Waanzilishi, wale viumbe wabadili umbo wanaoitawala Dominion, dola adui. Mmoja wao anamwambia Garak kwamba Cardassia imekwisha kufa. Garak anapenya hadi kwenye mitambo ya silaha ili aiteketeze sayari nzima, na chini yake wako Odo, Sisko na Daktari Bashir, ambaye kwa miaka amekuwa akila naye chakula cha mchana. Worf, afisa wa Sisko, anamzuia kwa nguvu. Adhabu yake ni miezi 6 mahabusu. Hakuwa na kinyongo na hata mmoja wa wale watatu. Kwenye mizani yake, maisha yao na yake mwenyewe yalikuwa bei nafuu ya kuiokoa nchi yake.

Sasa nenda msimu wa 6, episodi ya 19, iliyorushwa mwaka 1998. Sisko anawataka Waromulan waingie vitani upande wake dhidi ya Dominion, na anahitaji ushahidi ambao haupo, kwamba Dominion inapanga kuwashambulia. Garak anamletea mghushi aliyetolewa kwenye gereza la Waklingon. Rekodi ya bandia inatengenezwa, Seneta Vreenak wa Waromulan anaikagua, anagundua ni ya kughushi na kuondoka kwa hasira. Chombo chake kinalipuka njiani. Bomu ni la Garak, na mghushi naye ameshauawa. Hesabu yake ni ya kutisha kwa jinsi ilivyo safi: wachunguzi wakiiokota rekodi ile kwenye mabaki, kila kasoro watasema imetokana na mlipuko. Sisko anampiga ngumi, na Garak anamjibu ukweli unaouma kuliko ngumi, kwamba alimfuata yeye kwa sababu alijua atafanya lile ambalo Sisko mwenyewe hangeweza kulifanya.

Basi, ni rafiki? Ni mshirika anayetabirika. Siku maslahi ya Cardassia na ya Sisko yanapokwenda njia moja, hakuna mtu wa kutumainiwa kama yeye. Njia zikiachana, usimpe kisogo.

Swali: Wahariri, kuna jambo linanikera katika Battlestar Galactica. Gaeta aliwaokoa watu kule New Caprica. Halafu mtu huyohuyo anaongoza uasi dhidi ya Adama, mkuu wake! Waandishi hawakumharibu tu ili wapate msimu wa mwisho wenye vurugu?

Jibu: Hapana, na tungependa tulijibu hili taratibu, maana kwetu ndio usaliti uliojengwa vizuri kuliko wote katika tamthilia ile ya 2004 hadi 2009. Siri yake ni madeni yasiyolipwa.

Rudi msimu wa 3. New Caprica, sayari waliyohamia binadamu, imekaliwa na Wacylon, roboti maadui ambao wengine wana sura ya watu, na Gaeta ni msaidizi wa Rais Baltar, yaani machoni pa watu ni kibaraka. Kumbe kila anapopata nyaraka za maana anazificha mahali, kisha anageuza bakuli la kulishia mbwa kifudifudi. Ndiyo ishara. Mkuu wa mafundi, Tyrol, anaziokota bila kujua nani ameziacha. Hakuna anayemjua Gaeta, hakuna anayemshukuru, na hilo ndilo linalomweka hai.

Baada ya watu kutoroka sayari ile, kikundi cha watu sita kinakaa kwa siri kuwahukumu washirika wa adui na kuwatupa nje ya chombo, angani. Gaeta anapigishwa magoti. Starbuck, rubani wa kivita, anamtaka aombe radhi, abembeleze. Anakataa kubembeleza, ila anataja lile bakuli. Tyrol anasikia, anaelewa, na Gaeta anafunguliwa. Angalia kinachofuata: hakuna kinachofuata. Hakuna kikao cha kumsafisha jina, hakuna aliyewajibishwa. Anarudi kwenye meza yake kufanya kazi na watu waliokuwa wakimwua dakika chache zilizopita.

Deni la pili ni mguu. Katika msimu wa 4, Anders, mume wa Starbuck, anampiga risasi wakati wa mgogoro kwenye chombo cha Starbuck, tiba inachelewa, mguu unakatwa. La tatu ni Dunia iliyotafutwa kwa miaka yote ile, ambayo inakutwa imeungua kwa mionzi. Halafu Adama anatangaza muungano na Wacylon walioasi. Hapo ndipo Tom Zarek, mwanasiasa anayempinga Adama, anapokuta mlango umeshafunguliwa.

Na uasi wenyewe umetumia kazi yake halisi. Gaeta ndiye anayeshika mawasiliano kwenye chumba cha amri, kwa hiyo katika saa za kwanza anachohitaji ni kupotosha ujumbe na kumwambia Adama mambo ni shwari. Msaliti mzuri wa tamthilia huiba kwa ufunguo aliopewa kihalali.

Kuna kitu kimoja kidogo tunakuomba ukirudie kukitazama. Baada ya kushindwa, yeye na Zarek wanakaa mbele ya kikosi cha risasi. Kwa muda mrefu kigutu cha mguu kimekuwa kikimwasha na tumemwona akikikuna. Sasa anakigusa, anashangaa, na kusema kumeacha. Kisha amri inatolewa. Hakuna hotuba iliyohitajika pale.

Swali: Mimi na mume wangu tumebishana wiki nzima. Worf aliiacha operesheni ya kijeshi katikati ili amwokoe mkewe Jadzia. Mimi nasema alifanya sawa, mwenzangu anasema ni usaliti. Nani yuko sahihi?

Jibu: Dada, nyote wawili, na tamthilia imekataa kwa makusudi kuwapatanisha. Hii ni Deep Space Nine, msimu wa 6, episodi ya 16. Mcardassia aitwaye Lasaran anataka kutoroka, na anajua Waanzilishi wamewekwa wapi. Worf na Jadzia wanapita msituni kwenda kumchukua. Jadzia anajeruhiwa na silaha inayozuia damu kuganda. Yeye mwenyewe anamwambia mumewe aendelee. Worf anaondoka, anatembea, anasimama, anarudi. Lasaran anauawa, na siri zake zinakufa naye.

Linaloipa episodi hii uzito ni namna bei inavyotajwa. Sisko hamfungulii Worf mashtaka, kwa sababu kesi ingefichua operesheni ya siri, lakini anamwekea doa kwenye faili na kumwambia pengine hatapewa chombo chake mwenyewe kamwe. Wanandoa hawa hawatatumwa pamoja tena. Kisha anasema, kama mume aliyewahi kuoa, hata yeye hangemwacha mkewe pale. Miezi michache baadaye, mwisho wa msimu uleule, Jadzia anauawa na Dukat. Worf alilipa tumaini lake la kuongoza chombo kununua miezi michache. Semeni nyinyi nani alikosea!

Waandishi wengi huogopa kufika huko. Humweka steringi njia panda kati ya mpenzi na kazi, kisha dakika ya mwisho anatokea mtu wa tatu anayeokoa vyote viwili. Hapo mapenzi hayajapimwa, yamepambwa tu.

Mkitaka mfano mkali zaidi, tazameni Ellen na mumewe Saul Tigh, naibu wa Adama, katika Battlestar Galactica, episodi za mwanzo za msimu wa 3. Saul yuko kizuizini, ameng'olewa jicho. Ellen analala na Cavil, kiongozi wa Wacylon, ili mumewe aachiwe. Anaachiwa. Wiki hazipiti Cavil anarudi na dai jipya: mara hii anataka habari za wapiganaji, la sivyo Saul anarudishwa alikotoka. Ellen anaiba ramani ya mahali pa kukutania na kumpa. Watu wanakufa. Saul ndiye kiongozi wa upinzani, kwa hiyo hukumu ni yake. Anamtilia sumu kwenye kinywaji, anamkumbatia anapokata roho, analia. Katika hili Ellen hakumsaliti mumewe, alisaliti kila mtu mwingine kwa ajili yake. Somo la ufundi liko kwenye ile hatua ya pili: anayekubali dai la kwanza la adui ameshamfundisha adui bei yake.

Swali: Kwa nini Londo wa Babylon 5 hakuona mapema kwamba Morden anamtumia? Balozi mzima, mzee wa siasa!

Jibu: Kwa sababu Morden, wakala wa adui aliyejificha, hakuwahi kumwomba kitu mpaka alipokuwa ameshampa vingi. Ufuate mfuatano. Msimu wa 1 anazunguka kituoni akiuliza swali moja tu, "Unataka nini?" G'Kar, balozi wa Wanarn, anataka Wacentauri, watu wa Londo, waangamizwe, lakini hajui baada ya hapo atataka nini. Delenn, balozi wa Waminbari, anamfukuza. Londo ndiye anayemwaga moyo wake wote: anataka ufalme wake urudi kama zamani, wenye kuogopwa. Malipo ya awali ni zawadi, hirizi ya kifalme iliyoibwa na maharamia inarudishwa mikononi mwake. Kisha fadhila: Londo analalamika juu ya Kwadranti 37, kambi ya Wanarn, na Morden anasema liache kwetu. Watu 10,000 wanakufa, na Londo anapata sifa nyumbani. Tangu siku hiyo hana wa kumshtakia, maana shahidi wa kwanza dhidi ya Morden angekuwa yeye mwenyewe.

Katika msimu wa 3 anajaribu kujitoa. Adira, mwanamke anayempenda, yuko njiani kurudi kwake. Anafika kituoni akiwa amekufa kwa sumu. Morden ndiye aliyepanga, ila ushahidi umeelekezwa kwa Lord Refa, hasimu wa Londo katika siasa za Wacentauri, na Londo anarudi mbio kwa Morden kuomba msaada wa kulipiza kisasi. Anamwangamiza Refa kwa mtego wa kikatili, na ukweli anaujua msimu wa 4, Refa ameshazikwa. Kosa la Londo si upofu. Alikuwa na huzuni, na mtu mwenye huzuni humshukuru wa kwanza anayemwonyesha mkosaji.

Swali: Ninaandika tamthilia yangu ya episodi 10. Mshirika wa karibu wa nahodha atamgeuka episodi ya 9 kwa sababu anampenda mke wa nahodha. Dalili niziweke ngapi, na wapi, ili watu wasijue mapema lakini wasiseme nimewalaghai?

Jibu: Dalili tatu na tendo moja la uaminifu wa kweli zinatosha kwa urefu huo. Zikizidi tano, mtazamaji anakusubiri mlangoni.

Mfano wako umekaribia sana Lennier, msaidizi wa Delenn katika Babylon 5, kwa hiyo ujifunze kwake. Katika msimu wa 3 anamwambia Marcus kwamba anampenda Delenn, upendo asioutarajia kurudishiwa. Kwa muda mrefu sana anaishi sawasawa na maneno hayo, anamtumikia Delenn hata baada ya ndoa yake na Sheridan, aliyekuwa nahodha wa kituo. Msimu wa 5 mzimu wa Morden unamwambia atakuja kuwasaliti Anla'shok, kikosi cha walinzi alichojiunga nacho. Halafu, episodi ya 21 ya msimu huo, Sheridan amenaswa kwenye chumba kinachovuja gesi. Anagonga kioo, Lennier yuko upande wa pili, kufungua ni suala la kunyoosha mkono. Anamtazama. Anageuka, anaondoka. Muda mfupi baadaye moyo unamsuta, anarudi mbio, anakuta Sheridan ameshatoka mwenyewe. Basi. Sekunde kadhaa za kutotenda zimefuta miaka ya utumishi, na anakimbia kwa aibu.

Kwako, dalili ya kwanza iweke episodi ya 2, ndani ya tukio lenye shughuli nyingi, isizidi nusu dakika. Jicho lake limfuate mke wakati kila mtu anamwangalia nahodha, na kamera isikae hapo. Ya pili, episodi ya 4 au ya 5, amwambie mtu wa tatu ukweli, lakini aueleze kama jambo alilokwisha kulishinda. Episodi ya 6 amwokoe nahodha kwa gharama yake mwenyewe: jeraha, cheo, kitu kisichorudi. Usiliandike tendo hili kama hila. Alimwokoa kwa dhati, na bila hilo usaliti wako hauna uzito. Dalili ya tatu iwe episodi ya 7 au ya 8, nahodha amkwaze bila kujua, kwa mfano amwombe yeye ndiye aandae sherehe ya kumbukumbu ya ndoa yao.

Usaliti wenyewe ufanye wa kutotenda, kama wa Lennier. Mtu mwema huona vigumu kufyatua risasi. Kuchelewa kufungua mlango ni rahisi, na ndiyo maana inatisha.

Makosa tunayoyaona mara kwa mara: tukio kuishia kwenye uso wa msaliti huku muziki mzito ukipigwa, hapo umeshatangaza, nahodha kufanywa mjinga ghafla ili hila ifanikiwe, na sababu kuelezwa kwa hotuba baada ya tendo badala ya kuonekana kabla yake. Ukimaliza rasimu, isome kutoka episodi ya 10 kurudi ya 1. Kila kitu alichokitumia msaliti, iwe ufunguo, ratiba au namba ya siri, kiwe kimeonekana mkononi mwake mapema.

Jambo jingine, panga mbadala. Mtunzi wa Babylon 5, J. Michael Straczynski, alimwandalia kila mhusika mlango wa kutokea, kwa sababu waigizaji huondoka. Msaliti wa ndani alikusudiwa awe Laurel Takashima wa filamu ya majaribio ya 1993. Mwigizaji hakuendelea, na kazi ile ikagawanywa: aliyempiga Garibaldi, mkuu wa usalama wa kituo, risasi ya mgongoni mwisho wa msimu wa 1 akawa msaidizi wake mwenyewe, kijana tuliyekuwa tukimwona nyuma ya tukio bila kumjali, na nafsi ya siri iliyopandikizwa akilini akapewa Talia Winters, msomaji akili wa kituo, katika msimu wa 2. Talia hakujijua. Na ilifichuka mara tu Ivanova, afisa wa kituo, alipomfungulia moyo.

Swali: Je, mapenzi yaliyovunjwa na usaliti yanaweza kurudi na mtazamaji akaamini? Odo na Kira wa Deep Space Nine walinishinda kidogo.

Jibu: Wametushinda na sisi, na tunalisema kwa uchungu kwa sababu tunawapenda. Mwanzoni mwa msimu wa 6 Odo alijiunganisha na Mwanzilishi mwenzake akaacha kufanya sehemu yake ya mpango wa kuihujumu Dominion, mwenzao Rom akakamatwa, na Kira akaambiwa usoni kwamba hayo hayana maana tena. Ni usaliti mzito. Alijirekebisha vitani, sawa. Lakini mazungumzo yao ya kupatana yalifanyika ndani ya kabati la nguo usiku kucha wakati wa sherehe, na mtazamaji hakusikia hata sentensi moja. Deni lilifutwa nyuma ya mlango uliofungwa.

Linganisha na Garibaldi wa Babylon 5, aliyemtia Sheridan mikononi mwa adui msimu wa 4 baada ya akili yake kuchezewa na Bester, msomaji akili adui. Hakuaminiwa kwa machozi. Lyta, naye msomaji akili, aliingia akilini mwake, akathibitisha, ndipo silaha zikashushwa. Na Athena, Mcylon wa Battlestar Galactica, ana sura ileile ya Boomer, Mcylon mwenzake aliyempiga Adama risasi mbili kifuani. Alijenga upya imani kazi kwa kazi: gerezani, kisha kiapo cha afisa, kisha akatumwa New Caprica kuchukua funguo za kuwashia vyombo, kwa kuwa roboti walinzi wasingemtofautisha na wenzake. Baadaye mumewe Helo alimpiga risasi kwa ombi lake, ili azaliwe upya, kama Wacylon wa aina yake wanavyofanya wakifa, kwenye chombo cha adui amrudishe binti yao. Kila hatua ilikuwa na hatari ambayo angeweza kuitumia kutoroka, na hakutoroka.

Swali: Blake's 7 mnaionaje? Nimeambiwa mwisho wake ni mbaya.

Jibu: Ni mchungu, si mbaya. Episodi ya 52 na ya mwisho ilirushwa na BBC tarehe 21 Desemba 1981. Blake, kiongozi wa waasi, anajifanya mwinda watu kwa ajili ya fedha ili awapime wanaotaka kujiunga naye. Tarrant, mmoja wa wenzake Avon, anaangukia kwenye jaribio hilo, anaamini kweli wameuzwa, na anamwambia Avon hivyo. Avon, mshirika wa zamani wa Blake ambaye misimu yote amekuwa akisema hamwamini mtu, anamuuliza Blake kama amewasaliti, hata yeye. Blake anasogea mbele badala ya kujibu sawasawa, na Avon anampiga risasi tatu. Wakala halisi wa adui alikuwa Arlen, aliyekuwa amelipita jaribio la Blake bila shida. Anza msimu wa 1 ili umjue Avon kwanza. Ukirukia mwisho utaona watu wakianguka tu.